Kabla Uuze Presi Yako, Angalia Kikombe

Wasee, tuongee ukweli. Kila wiki lazima niletewe picha ya kikombe kilichoharibika kwa inboksi. Kimefifia karibu na mkono, au maandishi yana kivuli kama yameandikwa mara mbili, au nyeusi imetoka kama kahawa iliyotiwa maziwa. Chini ya picha swali ni lile lile: "Niuze hii presi ninunue ingine?" Na jibu langu ni lile lile: ngoja kwanza. Presi mbovu zipo, sikatai. Lakini kwa vikombe ambavyo nimevishika kwa mikono yangu, mara nyingi mashine inabeba msalaba wa wengine. Unakuta shida ni karatasi, ni unyevu, ni tepu, au ni kikombe chenyewe.

Video nazo zimechangia. Mtu anafunga kikombe, mashine inalia, karatasi inabanduliwa, picha inang'aa, muziki unaingia. Sekunde 15. Dakika za kungoja zimekatwa, vikombe vya majaribio viko chini ya meza, na anayetazama anabaki akifikiri ukinunua mashine kazi imeisha. Halafu anakopa, ananunua, kikombe cha kwanza kinatoka kama kimekaa juani mwaka mzima, na anaamini ameuziwa takataka.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo. Sitaki kuifanya stori ndefu, na siwaambii muache shule. Anayewaambia hivyo, mwulizeni nani anamlipia nyumba. Saa hii nakaa Kahawa Wendani, keja ya chumba kimoja, na presi iko juu ya meza ambayo zamani ilikuwa ya kusomea. Kikombe kitupu nanunua mjini kwa shilingi 180 nikichukua katoni. Nikishakichapisha nauza 450. Toa wino, karatasi, stima na nauli, unabaki na kama 200. Kimoja kikiharibika, faida ya kizuri kimoja imeenda na bado umeingia hasara. Kwa hivyo mimi nikisema kikombe safi siongelei urembo, naongelea kodi.

Cha kwanza ni kuelewa kinachotokea mle ndani ya presi, maana hapo nusu ya maswali yanajijibu. Wino wa sublimesheni haupakwi juu ya kitu kama rangi ya ukuta. Ukipashwa joto la nyuzi kati ya 180 na 200 za Selsiasi, unatoka kwa hali ya ukavu unakuwa gesi moja kwa moja, haupitii kuwa maji. Wakati huo huo ule mpako wa polista ulio nje ya kikombe unalegea na gesi inaingia ndani yake. Kikombe kikipoa, mpako unajifunga na rangi inabaki imefungiwa humo. Ndiyo maana ukipitisha kidole juu ya picha husikii kitu. Picha iko ndani ya ngozi ya kikombe.

Na gesi ni gesi. Ikipata mwanya kati ya karatasi na kikombe inatembea, inaenda kulala mahali haikualikwa. Kile kivuli unachokiona kando ya herufi ndicho hicho. Pia udongo wa kikombe wenyewe hauna haja na rangi yako. Kikombe cha kawaida cha supamaketi, bila mpako, hakitashika kitu hata ukibane mpaka kesho. Na wino mweupe haupo. Kila kitu cheupe kwa picha ni kikombe chenyewe kinachoonekana, kwa hivyo wacha kuniuliza kama naweza kuweka picha ya harusi kwa kikombe cheusi.

Printa nitaipitia haraka. Yangu ni Epson ya tangi. Watu hupenda Epson kwa kazi hii kwa sababu kichwa chake kinasukuma wino kwa kipande kidogo kinachojikunja umeme ukipita, wakati Canon na HP za wino kwa kawaida zinausukuma kwa joto, na huu ni wino ambao hutaki upate joto kabla ya wakati wake. Kabla ya kazi chapisha ile karatasi ya kukagua matundu, na usisahau kugeuza picha kama kwenye kioo. Kwa karatasi, rangi zitaonekana zimepoa na hazina uhai. Usiogope, zinaamka kwa joto.

Sasa niwaambie kuhusu oda moja, kwa sababu hapo ndipo haya yote yaliacha kuwa maneno.

Mwezi wa sita nilipigiwa simu na mweka hazina wa darasa letu. Nasema letu kwa mazoea. Ni darasa nililoanza nalo mwaka wa kwanza, na mwezi wa saba walikuwa wanafuzu. Walitaka vikombe 54, kila kimoja kikiwa na jina la mtu, kozi na mwaka. "Tumeamua tukupe wewe," akaniambia. "Lakini usituangushe, wengine walitaka tupeleke tao." Alimaanisha vizuri. 54 mara 450 ni 24,300, nusu kwa M-Pesa siku hiyo, nusu wakipokea. Mathe nilimwambia kuhusu pesa tu. Sikumwambia hiyo sehemu nyingine, kwamba hawa ndio watu walioniona nikishusha godoro kutoka hosteli. Mteja usiyemjua ukimharibia kikombe, anakutukana kidogo anasahau. Hawa kikombe chao kitakaa kwa dawati la kazi miaka, na mgeni akiuliza nani alichapisha hiki kitu, jina litakalotajwa ni langu na stori yangu itafuata.

Orodha waliyonitumia ilikuwa na majina 55. Nikahesabu mara mbili. La 31 lilikuwa langu. Inaonekana waliitoa kwa orodha ya zamani ya mwaka wa kwanza na hakuna aliyeipunguza. Sikuwaambia kitu. Nililichukua likawa jina la majaribio.

Nilinunua katoni mbili pande za River Road, vikombe 36 kila moja. Jumla 72, yaani 18 vya akiba, 12,960. Amana yote ikaishia hapo na nikaongeza 810 yangu. Na kabla jina la mtu yeyote liguse presi, nikatoa kikombe kimoja kutoka kila katoni. Hii ni sheria yangu na sijali oda ni ya haraka kiasi gani. Kwa karatasi ya majaribio naweka jina kwa herufi ndogo nyeusi, na chini yake mistari ya nyekundu, buluu na kijivu. Herufi ndogo zinatoboa siri ya kivuli, kijivu kinatoboa siri ya joto.

Cha katoni ya kwanza kilitoka safi. Cha ya pili kilitoka na nyekundu iliyochujuka, nyeusi iliyochoka, na vidoa karibu na kitako ambapo rangi haikushika kabisa.

Hapa ndipo watu wengi huanza kuzungusha kila kitu: wanaongeza joto, wanakaza presi, wanabadilisha karatasi, yote pamoja, na kikibadilika hawajui ni nini kimesaidia. Badilisha kitu kimoja tu. Mimi sikugusa mashine. Nikarudia kikombe cha katoni ya kwanza kwa joto lile lile na muda ule ule: safi. Nikarudia cha ya pili: vidoa, tena mahali tofauti. Nikachukua kingine cha ya pili, nikaongeza sekunde 20 peke yake. Nyeusi ilikolea kiasi, lakini kingo za herufi zikaanza kuvimba na karatasi ikawa na ule umanjano wa kuungua, na vidoa bado vipo. Basi hapo nikajua. Mpako ulikuwa mwembamba na haukusambaa sawa. Ukikiinamisha kwa mwanga wa dirisha unaona mng'ao unakatika katika, kama ukuta uliopakwa na mtu aliyekuwa anakimbilia matatu.

Nikabeba viwili, kimoja cha kila katoni, nikarudi dukani. Muuzaji akavizungusha mkononi, akanirudishia. "Bosi, hiyo ni presi yako." Nikamwambia presi ni moja, joto ni moja, dakika ni zile zile, hata jina ni moja. Akanionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Hiyo ni 6,480 imelala pale. Duka sitalitaja.

Nilibaki na vikombe vizuri 34. Nilihitaji 54.

Nikampigia mweka hazina nimweleze kwamba huenda nikachelewa siku moja. Akanyamaza, halafu akasema kitu ambacho nimekifikiria sana tangu siku hiyo. "Kwani vimeharibika sana? Si ni kikombe tu. Hivyo vibaya wape wale hawanaga maneno." Sikumlaumu, alikuwa na watu 54 kwa shingo. Lakini nilikaa na ile orodha mbele yangu nikaona anachoniomba. Nichague majina 20. Nimpe cha kuchujuka yule aliyekuwa ananiachia noti zake, kwa sababu najua hatalalamika? Au yule ambaye hatukuwahi hata kusalimiana? Watu wapole ndio hupewa vitu vibaya kila mahali, kutoka kwa matatu hadi kwa foleni ya chakula, kwa sababu kila mtu amepiga hesabu hiyo hiyo kwamba hawatasema. Nikamwambia hapana, vyote vitafanana.

Duka lingine, rejareja, 220 kila kimoja. Nikanunua viwili kwanza, nikapanda matatu hadi Wendani, nikajaribu kimoja, kikatoka safi, nikarudi mjini siku hiyo hiyo kuchukua 20 zaidi. 4,840 kutoka kwa pesa ya kodi. Sasa nilikuwa na 55 kwa majina 54. Akiba yangu yote ilikuwa kikombe kimoja.

Ukiwa na akiba ya kikombe kimoja unajifunza kuheshimu kila hatua. Ilikuwa Julai, ile baridi ya Nairobi ya ukungu asubuhi, na karatasi ya sublimesheni hunyonya unyevu kama mandazi kwa chai. Karatasi yenye unyevu ikipata joto inatoa mvuke, na mvuke unasukuma rangi. Unapata madoa na ukungu kwa picha unasema ni wino. Yangu hukaa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, natoa zile za kutumia tu, na nikishachapisha naziacha kama dakika kumi zikauke kabla ya kufunga. Vikombe navyo navipangusa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Kale kauzi kamoja ka sweta ambako hukaoni, kikombeni kanatoka mstari wa buluu.

Kufunga ndiko kazi yenyewe. Kama una dakika tano za kutilia maanani, zitumie hapa. Kata karatasi isifike kwenye mkono wa kikombe wala isipande kwenye ule mviringo wa kitako, kwa sababu hapo presi haikamati na utapata rangi iliyofifia halafu ulaumu mashine. Mimi huacha kama sentimita moja na nusu kila upande wa mkono na nusu sentimita juu na chini. Shika upande mmoja kwa tepu ya joto, vuta karatasi izunguke ikiwa imekaza kama ngozi ya ngoma, shika upande wa pili. Pitisha kidole gumba. Ukisikia karatasi inacheza, fungua uanze upya, usijiambie presi itaibana. Tepu ya kawaida ya ofisi itayeyuka na kukuachia gundi. Juu ya yote naviringisha karatasi nyeupe tupu ili gesi inayotoroka isichafue presi na kikombe kinachofuata.

Presha: ukifunga presi, kikombe kisizunguke ukikisukuma kwa mkono wake, lakini usilazimishe mpaka mtaimbo wa presi ulie. Ukikaza kupita kiasi kikombe kinapasuka, na huo mlio utaukumbuka. Joto: kwa mashine yangu ni nyuzi 180 kwa sekunde 180, lakini usinakili namba zangu kama Amri Kumi. Kuna presi zinataka 200, kuna zinazoanza kuhesabu ukifunga tu na zingine zinangoja joto lipande kwanza. Namba kwenye kioo ni ya pale kipima joto kilipo, si ya kikombe chako. Kikombe baridi kinaivuta chini, na cha kwanza cha asubuhi ndicho huumia zaidi. Hapo ndipo ile katoni mbovu ilinisaidia: nilitumia kimoja kupasha presi kabla ya kazi, kwa sababu kuiwasha ikiwa tupu kunachoma ule mkanda wa joto. Na nachapisha asubuhi. Kwetu jioni, kila mtu akiwasha koili ya kupikia, stima inakuwa nyonge na presi inachukua muda kurudi kwa joto lake.

Muda ukiisha, usisherehekee. Kikombe bado kina moto na rangi bado inatembea. Vaa glavu, shika pembe ya karatasi, vuta mara moja kwa mwendo mmoja, usiitelezeshe. Ikisogea milimita moja tu, unapata herufi pacha. Halafu kiache kipoe chenyewe mbele ya feni. Usikitumbukize kwa maji baridi ya mfereji eti unaharakisha.

Siku ya kwanza nilimaliza 27 bila tatizo. Ya pili, nikiwa kwa cha 41, sekunde kama 90 zikiwa zimebaki, stima ikapotea. Plot nzima kimya. Unasimama hapo na kikombe ndani, mashine inapoa, na hakuna cha kufanya. Nilikiacha kimefungwa. Stima iliporudi baada ya saa moja nikajaribu kukimalizia, lakini karatasi ilikuwa imeshajikunja kidogo kwa kupoa na herufi zikatoka na kivuli. Akiba ikaenda. Kutoka cha 42 hadi cha 54 sikuweka hata muziki.

Vyote vilitoka. Nikaviweka sakafuni kwa mstari kufuata alfabeti, nikapita na taa ya simu moja moja, nikivizungusha mpaka kwenye mkono. Kijivu cha wa kwanza na kijivu cha wa mwisho kilikuwa kimoja, na vya duka la pili hungeweza kuvitofautisha na vile vingine. Mweka hazina alikuja na makomredi wawili kuvibeba. Walikaa hapo kwa kitanda wakitafuta majina yao, wakicheka. Mmoja akaniuliza mbona langu halipo. Nikamwonyesha vya majaribio kwa dirisha: jina langu safi mara tatu, na jina langu na vidoa mara tatu. Akasema nimejipendelea.

Hesabu, kwa wale mtaniuliza. 24,300 ziliingia. Vikombe vilikula 17,800. Wino, karatasi, tepu, stima na nauli zikala kama 3,800. Nilibaki na 2,700 kwa kazi ya siku nne. Ningepeana vile 20 vibaya ningebaki na zaidi ya 7,000. Kuna msee aliniambia hiyo si biashara, ni msaada. Labda. Tangu mahafali nimepata oda nne kutoka kwa watu wa darasa hilo, moja ni ya ofisi ambako mmoja wao anafanya kazi ya kujifunza, vikombe 80. Na sasa nanunua katoni moja, najaribu, ndiyo nirudie ya pili. Nauli inaongezeka, lakini si 6,480.

Vile vikombe vibaya vilivyobaki, 33, havina shida yoyote kama ni chai unataka. Mama wa chai pale steji alivichukua vyote kwa 70 kila kimoja. Akaniuliza kama naweza kumwekea jina la kibanda. Nikamwambia, mama, kwa hivi hapana, ukitaka jina nikuletee vya lile duka lingine. Bado anafikiria bei.